Namna ya kusoma magonjwa ya kuambukiza kwa simu ukiwa dispensari, mpaka mgonjwa wako aone tofauti

Hii naandikia wenzangu ma-CO (maafisa wa kliniki) na manesi mlio kwenye dispensari na vituo vya afya, mlio Ahero, Muhoroni, Kombewa, Mbita, na nyinyi wa Nakuru upande wa Rongai, Subukia na Kuresoi, mahali ambapo foleni ikianza asubuhi ni wewe mwenyewe utaimaliza na hakuna mkubwa wa kugeukia ukikwama. Kusoma mnataka, hilo najua. Shida ni venye tunasoma: mtu anafungua kozi Desemba juu leseni inaisha, anabonyeza ukurasa baada ya ukurasa mpaka mwisho, cheti kinatoka, na Jumatatu mgonjwa anatibiwa vile vile alikuwa akitibiwa wiki iliyopita. Kuna njia ingine, na unaweza kuifuata na simu ya kawaida tu.

Usianze na kozi. Anza na rejista ya OPD, ya wagonjwa wa nje, ile MOH 204. Rudi nyuma mwezi mmoja, shika kalamu, pitisha macho kwa safu ya ugonjwa. Utaona vitu vinajirudia: malaria, kikohozi, kuhara, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), malaria na taifodi, kikohozi tena. Sasa jiulize kwa ukweli, ni wapi hapo mkono wako huandika dawa huku roho haijatulia? Hapo ndio somo lako lilipo. Alafu usiandike "nataka kusoma malaria", hiyo ni pana sana na itakupeleka kwa kozi ya masaa kumi yenye nusu yake ni historia ya mbu. Andika swali la mgonjwa: mtoto wa mwaka na nusu, homa siku tatu, RDT (kile kipimo cha haraka cha malaria) negativu, mama anasisitiza ni malaria, nampa nini? Swali likiwa hivo utajua moduli gani ufungue na gani uruke, na utajua pia ukimaliza kama umejibiwa ama hujajibiwa.

Wacha nikae kidogo kwa huyo mtoto kwa sababu huku kwetu ziwani ndiye tunakutana naye kila siku. Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Busia, Kakamega, Vihiga, hizi ni sehemu za malaria ya mwaka mzima, na ndio maana chanjo ya malaria ya RTS,S ilipoanza kutolewa Kenya Septemba 2019 ilianzia upande huu. Kwa hivyo akili yetu imezoea homa ni malaria. Lakini kozi nzuri ya malaria itakufundisha kwanza kile kipimo chenyewe kinaona. RDT nyingi tunazotumia hutafuta protini moja ya kimelea inaitwa HRP2, na hiyo protini hubaki kwa damu wiki kadhaa hata baada ya mtoto kumaliza AL, ile dawa ya malaria, na vimelea kuisha. Maana yake ni nini kwa meza yako? Mtoto aliyetibiwa wiki mbili zilizopita akirudi na homa, RDT positivu peke yake haithibitishi malaria mpya wala haisemi dawa imeshindwa, hapo unahitaji hadubini, ama umpeleke mahali iko. Na yule wa negativu, kama amepimwa vizuri na kipimo hakijaharibika kwa joto, amini hilo jibu, uanze kutafuta homa inatoka wapi.

Na kutafuta ndio kazi yenyewe. Ukifungua masomo ya IMCI, ule utaratibu wa WHO na UNICEF wa kuhudumia watoto chini ya miaka mitano, kuna vidio za kuhesabu pumzi. Usizitazame tu ukiwa umelala. Weka simu nyingine kando na saa ya dakika moja, hesabu pamoja na vidio, andika namba yako, alafu linganisha na jibu lao. Kesho yake fanya hivo kwa mtoto wa kweli: mama ameketi, mtoto ametulia, halii, nguo imepandishwa mpaka uone tumbo na mbavu, na unahesabu dakika nzima, si sekunde kumi na tano mara nne. Miezi miwili mpaka kumi na miwili, pumzi 50 na zaidi ni haraka. Mwaka mmoja mpaka mitano ni 40 na zaidi. Angalia pia kama chini ya mbavu kunaingia ndani akivuta hewa. Watoto wengi waliopewa AL na kurudishwa nyumbani walikuwa na nimonia, na dawa yake, amoksilini ya tembe zile zinayeyuka kwa maji, ilikuwa hapo hapo kwa kabati. Hiyo inaniuma sana, ndio maana nasema kozi moja ya saa mbili uliyoitumia hivi inashinda vyeti kumi.

Sasa utapata wapi masomo. Shirika la Afya Duniani wako na kozi za bure, kwa miaka zilikuwa kwa OpenWHO waliyoizindua 2017, na siku hizi wako na WHO Academy pia, hapo kuna malaria, TB, kipindupindu, mpox, kuzuia maambukizi kituoni, matumizi ya antibiotiki. Za HIV anza nyumbani, NASCOP, programu ya taifa ya HIV, wako na masomo yao ya mtandaoni yanayofuata mwongozo wetu wa Kenya wa 2022, na TB anza na programu ya taifa ya TB. Amref wako na programu ya simu inaitwa Jibu, iliundwa kwa manesi na wakunga, na hawa watu wamekuwa kwa hii kazi kitambo: tangu 2005 walianza pamoja na baraza la manesi kuwapandisha manesi wa cheti kufika diploma kwa kompyuta, wakati watu wengi walidhani nesi hawezi kusomea hivo. Ukitaka kuingia ndani zaidi, Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle wako na masomo ya bure ya HIV, magonjwa ya zinaa na homa ya ini, maelezo yao ya picha ni mazuri sana na maswali yao yanakufanya ufikirie.

Lakini hapo kwa ya nje shika breki. Kabla hujafungua moduli yoyote angalia vitu viwili, imeandikwa lini na imeandikiwa nani. Somo la Marekani limeandikiwa mtu aliye na maabara kamili na dawa ambazo wewe huna, na dozi zao za magonjwa ya zinaa si lazima ziwe za mwongozo wetu. Soma ili uelewe ugonjwa, dozi chukua kwa kitabu cha Kenya. Na tarehe ni kitu kikubwa kuliko watu wanavyodhani. Mfano: mama mjamzito, miezi mitatu ya kwanza, malaria isiyo kali. Masomo ya zamani yote yatakuambia kwinini. WHO walibadilisha Novemba 2022 wakasema AL itumike hata hapo. Ukisoma vidio ya 2018 utatoka na jibu la 2018, na utakuwa na uhakika nalo, hiyo ndio hatari yenyewe. Ama HIV, ukiona somo linafundisha efavirenzi kama dawa ya kwanza kwa mtu mzima, funga, hilo limepitwa, siku hizi ni dolutegravir (DTG). Kwa hivyo mimi nashauri kila mtu awe na PDF za miongozo ya Kenya kwa simu, za malaria, HIV, TB na ile ya watoto, zimeshushwa kabisa si linki, na unaposoma kozi unafungua zote mbili. Zikigongana, fuata ya Kenya, na hiyo tofauti iandike uiulize kwa mkutano ama kwa msimamizi wa kaunti ndogo.

Kuhusu bando na stima. Kozi nyingi zinakubali kushusha vidio ama maandishi, kwa hivyo shusha ukiwa mahali kuna waifai, ofisi ya kaunti ndogo, maktaba, chuo cha KMTC kama uko na mtu hapo, alafu soma hata ukiwa huna intaneti. Kama vidio inakumalizia bando chukua maandishi yake tu, mara nyingi yako chini ya vidio, na kusema ukweli yanasomeka haraka kuliko kumsikiliza mtu. Kikao cha Zoom zima kamera yako na uingie kwa sauti, bando inakaa. Saa ya kusoma chagua ile hautaibiwa, nusu saa kabla foleni haijaanza kwa wengine, kwa wengine ni usiku watoto wakilala, lakini usijidanganye utasoma saa ya chakula ukiwa peke yako zamu, mama wa kujifungua hatangoja umalize moduli.

Namna ya kusoma yenyewe: anza na maswali ya mwisho kama yako wazi, ama lile jaribio la mwanzo. Jibu kabla ya kusoma. Utakosa, na ni vizuri, kwa sababu akili sasa inajua inatafuta nini. Swali kama hili: mgonjwa wako wa HIV yuko kwa DTG mara moja kwa siku, leo kipimo cha GeneXpert kimesema ana TB, unamwanzishia dawa za TB zenye rifampisini, DTG utaifanyaje? Ukishindwa kujibu papo hapo hutasahau tena ukishasoma kwamba rifampisini hushusha DTG kwa damu, kwa hivyo inapewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya moja. Alafu funga simu na umweleze mtu. Nesi mwenzako, mtu wa maabara, hata mhudumu wa afya ya jamii, kwa Kiswahili ama Dholuo ama Kikalenjin, lugha yoyote mnaongea hapo. Ukishindwa kueleza bila kusoma kwa skrini bado hujaelewa, rudi.

Na mkiweza msome wawili ama watatu. Dispensari na kituo jirani mkubaliane moduli moja kwa wiki mbili, kila mtu alete mgonjwa mmoja anayehusu hiyo moduli. Hii ya kujifunzia kwa mgonjwa wa kweli si maneno matupu. Kule New Mexico, Marekani, daktari Sanjeev Arora alianza Project ECHO 2003 kwa sababu wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walikuwa wanangoja miezi kumwona yeye mmoja pale chuo kikuu. Akawakutanisha wahudumu wa vijijini na wa magereza na mabingwa kwa vidio, kila wiki, mhudumu anawasilisha mgonjwa wake na wote wanajifunza. Matokeo yalichapishwa 2011: waliotibiwa chuo kikuu walipona asilimia 57.5, waliotibiwa na wale wahudumu wa mashinani asilimia 58.2. Ni sawa! Na huo ulikuwa wakati dawa za homa ya ini zilikuwa ngumu, za sindano, zenye madhara mengi. Huo mtindo wa ECHO umefika Kenya pia, kwa HIV hasa, kwa hivyo uliza mratibu wa HIV wa kaunti ndogo yako kikao ni siku gani na ukiitwa kuwasilisha usikatae. Wengi hukaa kimya wakiogopa kuonekana hawajui. Mwenye kuwasilisha ndiye hufaidika kuliko wote.

Ukiwasilisha, linda mgonjwa. Hakuna jina, hakuna namba ya simu, hakuna namba ya faili, picha ya kipele isionyeshe uso wala tatuu, na usirushe kwa kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili usiowajua. Sheria ya kulinda data ya 2019 inakuhusu wewe pia. Mimi ningesema umri, jinsia, dalili, vipimo, dawa, vinatosha, na kijiji usitaje kama kila mtu anakijua.

Kwa nyinyi wa Nakuru kuna jambo la kwenu. Malaria huko si kama ya huku ziwani, kwa hivyo swali la kwanza kwa mwenye homa ni ametoka wapi wiki hizi. Mtu amekulia Njoro, ameenda matanga Siaya akarudi, mwili wake haujazoea malaria na anaweza kuanguka haraka sana. Alafu mko karibu na Baringo ambako kala-azar ipo, mtu mwenye homa ya zaidi ya wiki mbili, wengu limevimba, amekonda, malaria hakuna, mfikirie hiyo. Kuna bruselosi kwa wanaokunywa maziwa bila kuchemsha, na kimeta pia, 2015 kiliua nyati wengi sana kwa mbuga ya Ziwa Nakuru. Nyinyi chagueni masomo ya magonjwa yanayotoka kwa wanyama, ikiwezekana someni pamoja na afisa wa mifugo wa wadi, yeye ataona ng'ombe anakufa kabla wewe hujamwona mchinjaji na kidonda.

Masomo ya mlipuko yasome wakati hakuna mlipuko. Mpox ilitangazwa dharura ya dunia na WHO tarehe 14 Agosti 2024, na mgonjwa wa kwanza wa Kenya alikuwa ameshagunduliwa Taveta mwishoni mwa Julai, mtu aliyekuwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda kupitia kwetu. Barabara kuu ya kutoka Malaba inapita Eldoret na Nakuru, malori yanalala kwenye senta zenu. Kozi ya mpox ni fupi, na kitu cha kutoka nacho ni kidogo: kujua kipele chake kinafananaje na tetekuwanga na kaswende, wapi utamketisha mgonjwa ukimshuku, utavaa nini, na utampigia nani. Kipindupindu vile vile, ukingoja mpaka watu waanze kuletwa kwa bodaboda hutakuwa na muda wa kusoma dripu ya maji ya Ringer inaingia aje. Ijue leo: mililita 100 kwa kilo kwa aliyekauka sana, mwenye mwaka na zaidi anapata 30 kwa nusu saa na 70 zinazobaki kwa masaa mawili na nusu, mtoto chini ya mwaka 30 kwa saa moja na 70 kwa masaa matano. Andika kwa karatasi ubandike ukutani kwa chumba cha sindano. Na kila ukimaliza somo la mlipuko fungua MOH 505, ile ripoti ya kila wiki, uone kama huo ugonjwa una safu hapo na kama kituo chenu kimekuwa kikijaza zero kwa mazoea bila kuangalia rejista.

Pointi za leseni sasa. Zinahitajika, siwezi kukuambia uache. Kabla ya kuanza kozi ingia kwa akaunti yako ya baraza, COC ya ma-CO ama baraza la manesi ama KMPDC ya madaktari, uone nani wametambuliwa kutoa pointi na cheti cha nje kinawasilishwa vipi. Fanya hivo kabla, si baada. Jina la usajili kwa kozi liwe lile lile la leseni, herufi kwa herufi, na majina yote matatu, juu cheti chenye jina lingine kitakusumbua. Kozi ikiisha shusha cheti siku hiyo hiyo, kitume kwa imeili yako mwenyewe, kiweke kwa folda ya mwaka, majukwaa huhama na akaunti hupotea. Na kama webina inasema lazima ujaze fomu ya mahudhurio mwishoni, usitoke dakika ya mwisho.

Tangu Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025 zile semina za hotelini na nauli zimepungua sana huku kwetu, na kuna wenzetu wamekata tamaa kabisa ya kusoma. Nawaelewa. Lakini wagonjwa hawajapungua, na wale wasimamizi wa HIV na TB waliokuwa wakitutembelea kituoni wengi hawako tena, kwa hivyo kujua kwetu sasa ndio msaada wenyewe mgonjwa amebaki nao.

Mkimaliza moduli kubalianeni kitu kimoja tu kitabadilika kituoni, kimoja, na mkipime mwezi ujao. Kama mlisoma homa ya watoto, hesabuni watoto wangapi wenye RDT negativu waliandikiwa AL. Kama mlisoma TB, wangapi wenye kikohozi waliulizwa maswali yote manne, kikohozi, homa, jasho la usiku, kukonda, na wangapi walitoa makohozi ya kweli badala ya mate. Kama ni antibiotiki, hesabu ngapi zilikuwa za kundi la kwanza la AWaRe, ile orodha ya WHO inayogawanya antibiotiki kwa makundi, na ngapi zile za kuangaliwa kwa makini. Namba isipobadilika msilaumiane, angalieni kama ni dawa hazikuwepo, ama vipimo viliisha, ama ni ile presha ya mzazi anayetaka aondoke na kitu mkononi. Hiyo ya mwisho haiko kwa kozi yoyote na mnaweza kuizoea nyinyi kwa nyinyi, mmoja awe mama mwingine awe daktari, mjaribu maneno.

Na kuna swali halitangoja moduli. Mgonjwa wa HIV ameketi mbele yako, virusi vimepanda na dawa anasema anameza. NASCOP wako na laini ya wahudumu inaitwa Uliza, namba yake iko ndani ya mwongozo wa HIV, iweke kwa simu leo. Kabla ya kupiga weka mezani umri, uzito, dawa anazotumia na alianza lini, viwango vya virusi vyote na tarehe zake, kreatinini kama ipo, dawa zingine zote hata za TB, kifafa na zile za tumbo za dukani, na kama ni mama, uliza ujauzito. Ukishajibiwa andika jibu kwa faili na jina la aliyekujibu, atakayekuwa zamu kesho alikute hapo.